Taa za Krismasi na Hesabu ya Mita

Tarehe 22 Desemba 1882, mjini New York, bwana mmoja aitwaye Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison katika kazi ya umeme, aliupamba mti wa Krismasi nyumbani kwake kwa balbu 80 za rangi nyekundu, nyeupe na bluu. Kabla ya hapo watu wa Ulaya na Marekani walibandika mishumaa juu ya matawi, na si nyumba chache zilizoteketea, kwa kuwa moto wa mshumaa na tawi kavu havipatani. Lakini Johnson hakupamba mti wake kwa furaha ya sikukuu peke yake. Mwezi Septemba mwaka huohuo kampuni yao ilikuwa imefungua katika mji huo kituo cha kuuzia watu umeme, na mti unaowaka bila mshumaa ulikuwa tangazo zuri la biashara. Hivyo taa ya sikukuu ilizaliwa siku moja na gharama yake, nazo hazijaachana mpaka leo.

Hapa kwetu Uganda taa hizo huanza kuonekana madukani kabla Novemba haijaisha. Hutundikwa mbele ya maduka ya Kampala, hupelekwa Mbarara, Gulu na Mbale, na mwisho huingia kambini, ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, mkononi mwa mtoto anayekimbia. Baba anayeziona kwa mara ya kwanza zikiwa tayari zinawaka dirishani huuliza swali moja tu: nani atalipa umeme huo? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, ni wachache sana ambao wamewahi kulijibu kwa tarakimu. Wengi hulijibu kwa hasira, au kwa kuzima swichi.

Katika mojawapo ya kambi za polisi za Kampala anaishi konstebo mmoja, mkewe na watoto wao watatu. Nyumba yao ni unipoti, yaani ile nyumba ya mabati ya mviringo ambayo kila familia ya polisi nchini humu ama imepata kulala ndani yake ama ina ndugu aliyelala. Mke wa konstebo ndiye anunuaye umeme. Anazo risiti zake zimechomekwa katika daftari la shule, na kila akiingiza namba mpya katika mita huandika tarehe na idadi ya yuniti. Mita yenyewe ni ya kulipia kabla ya kutumia, ile iliyoanza kufungwa mwaka 2011 na kuitwa Yaka, neno la Kiganda lililo ndugu wa neno letu "waka".

Krismasi ya mwaka mmoja yuniti za nyumba hiyo zilikwisha tarehe 24 Desemba, saa tatu za usiku. Mama alijaribu kununua nyingine kwa simu, lakini usiku ule watu wote walikuwa wakitumiana fedha, na namba ya umeme haikufika hadi alfajiri. Watoto walilala gizani na nyama ilimaliziwa kupikwa kwa makaa. Konstebo alikuwa kazini usiku huo, kama wawavyo askari wengi wakati raia wanaposherehekea. Aliporudi asubuhi alikuta nyumba imenuna. Akatazama juu ya mlango, akaiona kamba ya taa za rangi iliyonunuliwa juma lililotangulia, na hukumu ikatoka papo hapo: hizo taa ndizo zilizokula umeme.

Mwaka uliofuata, Desemba ilipokaribia, watoto waliuliza habari za taa. Baba alikataa.

"Mama watoto," alisema, "katika kambi niliyokulia, umeme ulikuwa wa serikali. Huu ni wa mfuko wangu. Siwezi kuuning'iniza mlangoni ili wapita njia waufurahie."

"Baba watoto, ni kweli unayosema," mke alijibu, "lakini mimi ndiye ninayeandika daftari, na daftari halijaniambia kwamba ni taa. Niruhusu nipige hesabu kwanza. Zikipatikana na hatia, nitazitupa mwenyewe."

Maneno hayo yalimgusa konstebo mahali pake, kwani askari hawezi kulikataa ombi la kupeleleza.

Hesabu yenyewe si ngumu, na yafaa kila nyumba iijue. Yuniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikitumika kwa muda wa saa moja. Chombo cha wati 100 huchukua saa kumi kuimaliza yuniti hiyo, na chombo cha wati 5 huchukua saa 200. Wati aghalabu zimeandikwa kwenye kifaa au kwenye boksi lake. Kamba ya taa ya mama huyu ilikuwa ya taa ndogo 100 za aina ya LED, na boksi lilisema wati 5. Lakini boksi la bidhaa ya bei nafuu huandikwa lolote, na mama hakuliamini. Akaamua kuiuliza mita yenyewe.

Mita ina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa kadiri umeme unavyopita. Karibu nacho pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila yuniti. Katika mita ya nyumba hiyo ilikuwa 1,000. Maana yake ni kwamba kila mpepeso ni sehemu moja ya elfu ya yuniti. Siku ya Jumamosi mchana, mama alizima kila kitu, akachomoa chaja za simu na redio, na kitaa kikatulia. Kisha akawasha jiko la umeme la koili moja, lile alilokuwa akilitumia kuyasaidia makaa siku za wageni. Kitaa kikaanza kupepesa mara 16 au 17 kwa dakika moja. Akalizima, akawasha balbu ya zamani ya wati 60 iliyokuwa nje ya mlango kwa ajili ya usalama: kikapepesa mara moja kwa kila dakika. Mwisho akawasha zile taa za rangi. Kitaa kikapepesa mara moja, kisha kikakaa kimya. Mama akadhani mita imeharibika. Watoto wakachoka kutazama, wakatoka kwenda kucheza. Baada ya dakika 12 kikapepesa tena.

Konstebo alipoambiwa habari hiyo hakuiamini mpaka aliposimama mwenyewe mbele ya mita, saa ya mkono ikiwa imevuliwa na kushikwa kiganjani. Alisimama hapo kwa zaidi ya dakika 20, akiwa na sare zake, na majirani waliopita walidhani kuna wizi wa umeme unaochunguzwa.

Sasa hesabu ilikuwa wazi. Taa za wati 5 zikiwaka saa sita kila usiku kwa siku 20 hutumia wati-saa 600, yaani si hata yuniti moja nzima. Katika mwaka 2024 yuniti ya nyumbani hapa Uganda, baada ya zile 15 za kwanza za mwezi ambazo ziliuzwa kwa shilingi 250 tu, iliuzwa kwa karibu shilingi 800, kabla ya kodi ya asilimia 18. Kwa bei hiyo mapambo ya Krismasi nzima yaligharimu kama shilingi 480. Balbu ya wati 60 iliyowaka nje usiku kucha, saa 12 kwa siku 20 zilezile, ilikula yuniti 14 na nusu hivi, zaidi ya shilingi 11,500. Na lile jiko, lililochemsha nyama kwa saa mbili, lilikula yuniti mbili kwa alasiri moja. Kwa yuniti mbili taa za rangi zingeliwaka saa 400.

Kuna pasi pia, na hapa wasomaji wenye sare hawatapenda kusikia. Pasi ya wati 1,000 ikivuta moto kwa jumla ya nusu saa ili kunyoosha gwanda la gwaride, inatumia karibu umeme uleule wa taa hizo kwa usiku 16. Hakuna anayeshauri askari aende kwenye gwaride na mikunjo. Lakini ni jambo la ajabu kwamba katika nyumba nyingi pasi haijawahi kushitakiwa hata mara moja.

Haya yote yasingekuwa kweli miaka ya nyuma. Balbu za kale za mapambo, zile zenye uzi unaowaka na kupata joto, zilikuwa walafi. Kamba ya balbu ndogo 100 za aina hiyo ilivuta wati kama 40, mara nane ya kamba ya leo. Zile balbu kubwa za rangi zilizofungwa kwenye mapaa ya nyumba huko Marekani zilivuta wati 7 kila moja. Kamba moja ya balbu 25 ilikuwa na wati 175, na mwenye nyumba hakufunga kamba moja. Ndiyo sababu mwaka 1973, baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya mwezi Oktoba na nchi za Kiarabu kuzuia mafuta yao, Rais Richard Nixon aliwatangazia Wamarekani tarehe 25 Novemba kwamba atachukua hatua za kupunguza taa za mapambo nje ya nyumba zao. Wakati ule hatua hiyo ilikuwa na maana ya kweli. Hata mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi barani Ulaya, mji wa Paris ulizima taa za sikukuu za barabara ya Champs-Élysées saa sita kasorobo usiku badala ya saa nane. Taa hizo zilikuwa tayari za LED. Kilichookolewa hapo ni kidogo. Uongozi ulitaka zaidi mwananchi aliyeambiwa apunguze joto nyumbani asione barabara ikiwaka bure mpaka alfajiri. Hilo nalo ni jambo la maana katika utawala, ingawa halionekani kwenye mita.

Ziko tarakimu nyingine zinazotugusa sisi wa Afrika ya Mashariki. Katika mwaka 2008 uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya wizara ya nishati ya Marekani ulikadiria kwamba taa za sikukuu za nchi hiyo zilitumia yuniti bilioni 6.63 kwa mwaka. Mwaka 2015 watafiti wa taasisi iitwayo Center for Global Development, mjini Washington, waliziweka tarakimu hizo kando ya umeme wa mataifa mazima. Ethiopia nzima ilitumia bilioni 5.3. Tanzania nzima, pamoja na viwanda vyake, hospitali zake na bandari ya Dar es Salaam, ilitumia bilioni 4.81. Watu wengi walizisoma habari hizo kwa hasira, wakasema Mmarekani anachezea uhai wa wengine. Hasira hiyo inaeleweka, ila ilielekezwa kando kidogo. Zile bilioni 6.63 zilikuwa sehemu mbili tu kati ya elfu moja za umeme wote wa Marekani. Lau zingezimwa zote, hakuna hata kijiji kimoja cha Kigoma ambacho kingepata taa. Tarakimu za kutisha katika ulinganisho huo ni zile za Ethiopia na Tanzania, kwa udogo wake.

Nasi tumewahi kuonja uchache huo. Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Viktoria yalishuka, mitambo ya Jinja ikapungukiwa nguvu, na mgao wa umeme ukawa siku moja kuna na siku moja hakuna. Bei ilipanda, kwa kuwa ilibidi kukodi mitambo ya dizeli. Krismasi ya 2006 iliyowaka mjini Kampala iliwaka kwa jenereta, na aliyetaka kujua nyumba zenye taa alifuata mlio. Mzazi aliyelea watoto katika miaka ile ana haki ya kushtuka anapoona taa zinawaka bila kazi. Tangu hapo limejengwa bwawa la Bujagali, likazinduliwa mwaka 2012, kisha Isimba mwaka 2019, na Karuma yenye megawati 600 ikazinduliwa mwaka 2024. Siku hizi mtoni umeme upo. Unaokosekana ni ule wa kufika: nyaya za vijiji, transfoma zilizoelemewa, na fedha ya kununulia. Transfoma ya mtaa huelemewa zaidi kati ya saa moja na saa nne za usiku, wakati kila nyumba inapika, inapiga pasi na kutazama televisheni. Anayetaka kuihurumia asianze na taa za rangi. Apige pasi mchana.

Ndugu msomaji asidhani kwamba, baada ya mita kuzisafisha hatia, taa hizo zilirudishwa mlangoni moja kwa moja. Kosa lao la kweli lilikuwa jingine, na lilivumbuliwa na mzee mmoja wa kambi, fundi wa umeme aliyestaafu, siku alipopita kumsalimu konstebo. Alipoiona ile kamba ilipokuwa imetundikwa mwaka uliotangulia, hakuuliza juu ya gharama. Alisema:

"Mwanangu, afande, hizi ulizifunga juu ya bati?"

Zilikuwa zimefungwa juu ya bati, kwa misumari.

Kamba nyingi za bei nafuu hazina kile kisanduku kidogo cha kupunguza nguvu ya umeme. Volti 240 za ukutani huingia moja kwa moja katika waya mwembamba kama uzi wa kushonea gunia. Ngozi ya waya huo ni laini. Ukingo wa bati ni kisu. Upepo wa usiku ukiutikisa waya juu ya ukingo kwa juma mbili, ngozi hukatika, na nyumba nzima ya mabati, ukuta na mlango na kitasa, huwa na umeme. Mtoto anayetoka nje alfajiri bila viatu, ardhi ikiwa na umande, hushika mlango. Zaidi ya hapo mzee hakutaka kueleza, kwa kuwa watoto walikuwa wakisikiliza. Alichukua ile kamba, akaipitisha polepole kati ya vidole vyake chini ya mwanga, ikiwa imechomolewa, na katika sehemu mbili akaonyesha shaba tupu.

Kwa hiyo taa zilitupwa, kama mama alivyoahidi, ingawa kwa hatia nyingine kabisa. Ile shilingi 480 iliyogombaniwa mwaka mzima haikuwa na uzito wowote mbele ya shaba ile. Konstebo, ambaye ndiye aliyepigilia misumari, hakusema neno muda mrefu. Siku ya pili yake alikwenda mwenyewe sokoni akiwa na maagizo ya mzee: anunue kamba inayotumia betri au paneli ndogo ya jua, au yenye kisanduku cha kupunguza volti, asiipitishe chini ya mkeka wala ndani ya mlango unaofungwa, asiiunge na waya mwingine kwa kusokota na kufunga nailoni. Alirudi na kamba ya jua ya taa 50, iliyogharimu mara mbili ya ile ya zamani. Kwa fedha iliyobaki alinunua balbu ya LED ya wati 7 kwa ajili ya mlango wa nje. Balbu hiyo, ikiwaka usiku kucha kwa siku 20, inatumia yuniti moja na theluthi mbili mahali pa zile 14 na nusu. Fedha ya taa za jua ilirudi yote kabla ya mwezi wa Februari, na mama aliiandika daftarini katika safu yake, kwa kalamu nyekundu.

Taa za jua zina udhaifu wake, na si haki kuuficha. Siku ya mawingu huwaka saa mbili tatu kisha huzimika, na Desemba katika sehemu za Kampala haikosi mvua. Usiku wa tarehe 24 mwaka huo mawingu yalikuwa mazito. Mama alizizima taa saa moja na nusu, watoto wakalalamika, akawaambia wasubiri. Saa kumi za usiku, zamu inapokaribia kubadilishwa, aliamka na kuziwasha. Konstebo anakumbuka kwamba alipopinda kona ya kantini aliziona kutoka mbali, akadhani amekosea safu ya nyumba.

Mwezi wa Januari kamba ilizungushwa juu ya kipande cha boksi ili waya usijikunje, ikawekwa juu ya kabati. Haikukaa sana. Idi ilipokaribia, jirani wa safu ya pili, sajenti mwenye watoto wanne, alimtuma binti yake kuiazima. Konstebo aliipeleka mwenyewe, akakaa huko zaidi ya saa nzima. Alikuwa akimwonyesha sajenti mahali pa kuitundika, kwenye nguzo ya mti, mbali na bati, na jinsi ya kuhesabu mipepeso ya mita.